Kituko gani ungekubali kukiendesha kila siku? Ulinganisho wa magari ya ajabu

Mzee wa Gia

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nyuzi za "gari gani linakula mafuta kidogo" zimetosha. Leo naleta ulinganisho wa vituko vitupu. Sharti langu ni moja: kiwe kiliundwa kweli na kikatembea kweli, mtu mzima mwenye akili zake akiwa ndani. Michoro na ndoto hatupokei. Ndiyo maana Ford Nucleon ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ile iliyokusudiwa kubeba kinu cha nyuklia kwa nyuma, haimo. Iliishia kuwa modeli ndogo ya maonyesho, na nadhani mafundi duniani kote walishusha pumzi.

Swali lenyewe: ukilazimishwa kuchagua kimoja, ukitumie kila siku kwenda kazini, sokoni, kumpeleka mtoto shule, jua na mvua, utachukua kipi? Sitaki majibu ya "napenda muonekano". Nataka utetezi.

Naanza na hivi:

Peel P50, kilichotengenezwa kisiwa cha Man kati ya 1962 na 1965. Urefu sentimita 137, upana sentimita 99, uzito haufiki kilo 60. Matairi matatu, mlango mmoja, taa moja ya mbele, waipa moja, kiti kimoja. Injini cc 49. Gia tatu, zote za kwenda mbele. Rivasi ni wewe mwenyewe: unashuka, unakamata mshikio uliowekwa nyuma, unainua, unageuza.

Isetta. Mlango uko puani, na usukani umefungwa kwenye mlango, kwa hiyo ukifungua unaondoka nao. Wazo lilizaliwa Italia mwaka 1953 kwa kampuni ya Iso, ambayo kabla ya hapo ilitengeneza majokofu, na ukiuona huo mlango huulizi tena. BMW wakachukua leseni wakaunda zaidi ya 160,000 kati ya 1955 na 1962.

Messerschmitt KR200, kuanzia 1955. Waunda ndege walikatazwa kuunda ndege baada ya vita, mikono ikawawasha. Dereva mbele, abiria nyuma yake, na kifuniko cha uwazi juu kinachofunuliwa ubavuni. Usukani ni wa pikipiki.

Amphicar ya Ujerumani Magharibi, kuanzia 1961. Gari la wazi la watu wanne linaloingia ziwani na kuendelea na safari. Jina kamili ni Amphicar 770, yaani mwendo wa maili kama 7 kwa saa majini na 70 barabarani.

Na Hélica ya Mfaransa Marcel Leyat. Kiwiliwili cha ndege kisicho na mabawa, propela ya mbao puani, na matairi ya nyuma ndiyo yanayokata kona.

Ruksa kuongeza vya kwenu. Naomba kuwasilisha.

Kobe wa Lami

Peel, sina mjadala. Watu mnalia maegesho, mimi naingia nacho kwenye lifti. Kikiharibika siiti gari la kuvuta, naita kijana mmoja mwenye mgongo mzima. Na hilo la kukosa rivasi mnaloliita kasoro, mimi naliita mazoezi.

Bi Pancha

Kobe, mtoto wa shule umemweka wapi? Umesoma swali au umeangalia picha? Waundaji wenyewe walikitangaza kuwa ni cha mtu mzima mmoja na mfuko wa bidhaa. Basi. Ukichukua mfuko, mtoto anabaki. Ukichukua mtoto, ndiye mfuko.

Halafu hebu fikiria lori limekupita kwa kasi na wewe umo ndani ya kilo 60. Hujaliona lori, umeona tu dunia imehamia kushoto.

Kobe wa Lami

Bi Pancha mtoto atembee, afya.

Dada Spana

Nyie bishaneni mifuko, mimi niseme la ufundi.

KR200 ndiyo pekee kwenye orodha ya Mzee iliyotatua suala la rivasi kwa akili badala ya jasho. Injini yake ni ya mipigo miwili, cc 191. Injini ya namna hiyo haina valvu za kuipangia izunguke upande gani, yenyewe inafuata moto wa plagi tu. Kwa hiyo badala ya kujaza gia ya rivasi kwenye gia boksi, wakaweka mfumo wa pili wa kupiga moto. Unasimama. Unazima. Unasukuma ufunguo ndani zaidi, unawasha upya, na injini inaamka ikizunguka kinyumenyume.

Sasa gia zako zote nne ni za kurudi nyuma.

Soma tena hapo. Nne. Kinadharia unaweza kurudi rivasi kwa mwendo ule ule wa kwenda mbele, na mbele kinafika karibu kilomita 90 kwa saa. Sisemi mtu afanye. Nasema siku ukikosea njia, kugeuza gari ni hiari yako.

Na wale wanaoeneza kwamba kile kifuniko ni masalia ya ndege za vita, waache. Aliyekibuni, Fritz Fend, alianza na vigari vya watu waliolemaa vitani. Ndiyo maana kila kitu kiko karibu na mkono na kigari chote ni chembamba. Ufinyu ule ulikuwa na sababu.

Kasoro naijua: jua. Umekaa chini ya kuba la plastiki, hakuna kivuli. Saa sita mchana unafika kazini umeiva.

Fundi Klachi

Dada Spana shikamoo kwa somo. Lakini Isetta msiipite haraka hivyo, kuna kisa kinapaswa kuhifadhiwa.

Uingereza walikuwa na sheria kwamba kigari cha matairi matatu, kikiwa chepesi na hakina rivasi, unaweza kukiendesha kwa leseni ya pikipiki. Wakaunda Isetta za matairi matatu na rivasi wakaizuia. Sasa unganisheni wenyewe: mlango uko puani, rivasi hakuna. Mtu anarudi nyumbani amechoka, anaingia gereji yake taratibu, pua inagusa ukuta. Mlango haufunguki. Nyuma hakwendeki.

Hapo ndipo unaelewa kwa nini paa lake ni la turubai. Lile si la kupungia upepo, ndiyo njia ya dharura.

Bi Pancha

Nimecheka hadi mtu wa meza ya pili amegeuka. Kwa hiyo mke anasikia mlango wa gereji umefungwa, nusu saa kimya, anakwenda kuangalia, anakuta mume ametokeza kichwa juu ya paa.

Mzee wa Gia

Fundi, hiyo umeielezea vizuri, na sheria ndiyo mzazi wa nusu ya vituko hivi. Leseni, kodi, marufuku ya kuunda ndege. Mtu hakuamka asubuhi akasema leo naunda kichekesho. Alikuwa anaikwepa karatasi fulani.

Mbona Amphicar hamuigusi?

Nahodha wa Nchi Kavu

Nilikuwa nasubiri kuitwa.

Amphicar ndiyo gari pekee hapa ambalo rais wa Marekani alikuwa nalo kwa matani. Lyndon B. Johnson alikuwa nayo shambani kwake Texas. Mchezo wake: anampakia mgeni asiyejua kitu, anateremka nalo mteremko unaoelekea ziwani, katikati ya mteremko anaanza kupiga kelele kwamba breki zimekatika. Mgeni anaaga dunia moyoni, gari linatumbukia, linaelea, rais anaangua kicheko. Fikiria una cheo kile halafu bado unaona raha yako iko hapo.

Kiutendaji ni rahisi. Nyuma kuna propela mbili ndogo. Ukiingia majini unahamisha nguvu kwenye propela, na usukani ni ule ule, maana matairi ya mbele ndiyo yanayoelekeza hata humo majini. Kona utaipata, ila usiwe na haraka nayo. Mwaka 1965 mbili zilivuka mkono wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Si mchezo.

Mvua ikinyesha wenzenu mnatafuta njia ya juu. Mimi nafunga mlango vizuri, naendelea.

Dada Spana

"Nafunga mlango vizuri" hapo ndipo pana kazi, Nahodha. Kila mlango wa Amphicar una komeo la ziada la kubana mpira usipitishe maji. Ukisahau hilo komeo siku moja tu, umebadilisha aina ya chombo. Pampu ya kutoa maji ipo, lakini ukiona gari limefungwa pampu ya kutoa maji kiwandani, mwenye kiwanda amekwambia jambo.

Halafu grisi. Kila ukitoka kuogelea unatakiwa kupiga grisi chini kote, na sehemu moja ya kupigia grisi iko chini ya kiti cha nyuma, lazima kiti kitoke. Kwa hiyo umefika kazini kwa njia ya ziwani, umewaacha wenzako kwenye foleni, umeshinda. Sasa vua shati ulale chini ya gari.

Nahodha wa Nchi Kavu

Dada, unaua ndoto mchana kweupe.

Basi nikutajie mtu asiyejali grisi. Ben Carlin, Mwaustralia. Alichukua jipu la jeshi la kuogelea, Ford GPA, akalipa jina Half-Safe, na mwaka 1950 yeye na mkewe wakaondoka Halifax, Kanada, kuvuka Atlantiki. Jipu! Mke kwa bahati mbaya alikuwa mtu wa kutapika baharini. Walifika ng'ambo. Carlin akaendelea, akibadilisha wenza njiani, hadi akamaliza kuzunguka dunia mwaka 1958. Mpaka leo hakuna mwingine aliyezunguka dunia kwa gari la majini na nchi kavu.

Na angalia jina alilolipa chombo chake. Hata yeye hakudanganya watu kwamba ni salama kamili.

Msomaji Kimya

Huwa sichangii, nasoma tu. Ila naona Hélica inaonewa, hakuna hata mmoja aliyeisimamia.

Leyat hakuwa mwendawazimu. Hesabu yake ilikuwa hivi: kama propela inavuta ndege, kuna haja gani ya klachi, gia boksi na shafti? Ondoa vyote. Gari linabaki jepesi, ubavuni limechongoka, upepo haulisumbui. Zilitengenezwa kama thelathini. Na mwaka 1927 moja ilifikishwa kilomita 171 kwa saa kwenye uwanja wa Montlhéry, mwendo ambao magari mengi ya wakati ule yaliusikia tu kwa watu.

Sasa niambieni ubaya wake.

Fundi Klachi

Ubaya wake ni kwamba kuna panga la mbao linazunguka mbele ya dereva na mbele ya panga kuna watu. Ndiyo, waliweka duara na wavu. Mimi nikivuka barabara nikaona pangaboi linanijia na wavu wake, sitaulizia wavu ni wa geji gani.

Halafu anza kuondoka kwenye taa. Wenzako wanakanyaga mafuta wanakwenda. Wewe kwanza lazima uvute hewa. Mlimani je? Vumbi je? Kuku je?

Abiria wa Dirishani

Wajerumani waliliweka wazo hilo hilo relini, wakaliita Schienenzeppelin. Behewa moja refu la fedha, propela nyuma, injini ya ndege. Juni 1931 lilikimbia kilomita 230 kwa saa kati ya Hamburg na Berlin, rekodi iliyokaa zaidi ya miaka ishirini. Liliundwa moja tu. Tatizo halikuwa mwendo. Tatizo ni stesheni: unapanga abiria na mabegi yao jukwaani, halafu unaleta propela ya wazi ipite hapo. Na behewa la pili huwezi kulifunga nyuma, maana nyuma kuna panga.

Mimi lakini si dereva, naleta chaguo la abiria. Wuppertal, Ujerumani, kuna treni inayoning'inia. Reli iko juu, behewa linaning'inia chini yake, linapita juu ya mto tangu 1901. Hakuna foleni, hakuna pancha.

Ila ina historia na tembo. Julai 1950 wenye sarakasi walitaka kujitangaza, wakampandisha humo ndama wa tembo aitwaye Tuffi. Behewa likajaa waandishi wa habari, mnyama akapata hofu, akavunja ubavu wa behewa akaanguka mtoni, mita kama 12. Akatoka na michubuko tu! Akaishi hadi 1989. Ile picha maarufu ya tembo akiwa hewani ni ya kuunganishwa. Waandishi walikuwa tele humo ndani, na hakuna hata mmoja aliyepata picha.

Bi Pancha

Pole yake Tuffi. Ndiye abiria pekee kwenye uzi huu aliyefanya uamuzi wa busara: usafiri haumfai, ameshuka.

Mzee wa Gia

Abiria, treni nimeikubali kwa heshima ya tembo. Lakini turudi kwenye vya kuendesha. Nani ana kingine?

Fundi Klachi

Ninacho, na hiki nakiletea kiti.

Calcutta, 1910. Tajiri mmoja mhandisi wa Kiskoti, Robert Matthewson, aliagiza gari kutoka Uingereza kwa kampuni ya J. W. Brooke ya Lowestoft. Mbele ya gari lote ni bata maji mkubwa, shingo imesimama, mdomo, macho yanayowaka usiku. Mdomo ulikuwa unafunguka na kurusha maji ya moto kutoka kwenye mfumo wa kupoza injini ili watu wapishe njia. Honi yake haikuwa honi ya kawaida, ni ya milio minane iliyopigwa kwa vibonye kama kinanda.

Lakini Matthewson hakuridhika. Akasema bata bila choo si bata. Kukawekwa valvu nyuma inayodondosha chokaa nyeupe barabarani, pu, pu, kila baada ya hatua.

Lilipotoka mara ya kwanza mji ulichanganyikiwa, polisi wakalizuia barabarani. Baadaye akalinunua Maharaja wa Nabha, na kwake hawakuona la ajabu. Waliliundia na mtoto wake, gari dogo la umeme lenye umbo lile lile. Yote mawili yako makumbusho ya Louwman, The Hague.

Chaguo langu la kila siku ni hilo. Niambieni nani atanipigia honi mimi.

Dada Spana

Chokaa unaijaza wapi?

Fundi Klachi

Hapo ndipo napopenda maswali yako dada. Tangi lake mwenyewe. Kwa hiyo kwenye sheli unajaza vitu vitatu: petroli, maji ya mdomoni, na ya huku nyuma.

Kobe wa Lami

Halafu mimi ndiye naitwa kichekesho na Peel yangu.

Msomaji Kimya

Naona nimezoea sasa. Naongeza Dynasphere ya Dakta Purves, Uingereza, 1932. Gurudumu moja, kimo karibu mita 3, dereva anakaa ndani ya gurudumu. Kiti hakijafungwa kwenye kitu zaidi ya reli ya ndani. Kinachokuweka wima ni uzito wako tu.

Kwa hiyo ukienda taratibu, hakuna neno. Ukishika breki kwa ghafla, kiti kinanasa kwenye gurudumu, na gurudumu bado lina safari yake. Unakwenda nalo. Kichwa chini, miguu juu, kichwa chini.

Bi Pancha

Na mtoto wa shule yumo?

Msomaji Kimya

Yumo. Anashangilia.

Nahodha wa Nchi Kavu

Mimi ninacho cha Warusi. Machi 1965 wanaanga Leonov na Belyayev walirudi kutoka angani wakaangukia msituni kwenye theluji, mbali na mahali palipopangwa, wakalala humo siku mbili kabla ya kuokolewa. Wakubwa wakasema haitarudiwa. Zikaja gari za kiwanda cha ZIL za kuokotea wanaanga, na mojawapo haina matairi kabisa: inatembea juu ya skrubu mbili kubwa zilizolala chini yake kama mashua mbili. Skrubu zikizunguka kila moja upande wake, inakwenda mbele. Zikizunguka upande mmoja zote, inakwenda kiubavu. Kinamasi, theluji, tope la shingoni, haiulizi.

Kitu kimoja tu inakiogopa: lami. Ndiyo maana inasafirishwa mgongoni mwa lori jingine hadi ilipo kazi.

Bi Pancha

Yaani ni gari linalohitaji gari. Nimeipa sifuri kwa kumpeleka mtoto shule, isipokuwa shule iwe imezama.

Abiria wa Dirishani

Hakuna aliyetaja Sinclair C5? Uingereza, Januari 1985. Kigari cha matairi matatu, mota ya umeme, na pedali za kusaidia mlimani. Unakaa nusu umelala, kiwiliwili chote wazi, na usukani uko chini ya mapaja yako. Mwendo wa juu kilomita 24 kwa saa. Hakikuhitaji leseni, na mtoto wa miaka 14 aliruhusiwa.

Kosa la kwanza: kukizindua Januari, baridi kali, na kigari hakina paa. Kosa la pili: urefu. Kichwa cha dereva kiko usawa wa boneti za wengine. Ilibidi wauze mlingoti wa kuonekana, kama kifaa cha ziada. Sasa mtu akikuuzia gari, halafu akuuzie na kijiti cha kuwaonyesha wenzako kwamba upo, hapo mwisho wa mazungumzo. Agosti mwaka ule ule uzalishaji ulikuwa umesimama.

Dada Spana

Mimi C5 naitetea kidogo. Mota ya umeme, betri, pedali, safari fupi za mjini. Angalia barabara za leo zilivyojaa skuta za umeme. Sinclair aliliona jambo, akaliweka chini mno.

Kobe wa Lami

Kama mwendo si hoja, basi naomba ile ya NASA ya kubebea maroketi. Kikosi kizima cha minyororo, tani zaidi ya 2,500 bila mzigo. Ikibeba roketi mwendo wake ni kilomita 1.6 kwa saa na inakunywa karibu lita 300 za dizeli kwa kilomita moja. Ikipanda mlima, inainua upande mmoja ili roketi ibaki wima.

Naona kama nimewahi kukaa nyuma yake kwenye foleni.

Fundi Klachi

Ukishafika NASA usisahau kigari chenyewe cha mwezini. Desemba 1972, Apollo 17, nyundo ya Eugene Cernan ikakamata madigadi ya tairi la nyuma, kipande kikang'oka. Vumbi la mwezi likaanza kuwamwagikia, na vumbi lile ni kali, linakwangua kila kitu. Unajua walitengenezaje? Ramani. Walichukua ramani nne za karatasi ngumu, wakazibandika kwa gundi ya utepe, wakazibana kwa vibanio vya taa kutoka kwenye chombo chao. Ikafanya kazi.

Serikali ya Marekani, mradi wa mabilioni, na gari likapona kwa utepe. Siku nyingine mteja akinikejeli nimebandika utepe, nitamwonyesha mwezi.

Mzee wa Gia

Fundi umenimaliza. Vigari vyote vitatu vya Apollo bado viko huko huko mwezini vilipoachwa. Lakini betri zake hazikuwa za kuchaji, kwa hiyo aliyekuwa ameanza kupiga hesabu za kwenda kuvichukua, apumzike.

Sasa mimi naanza kuelemea kwenye kimoja ambacho hakikuwa kwenye orodha yangu. Zündapp Janus, Ujerumani, 1957. Ukikitazama huwezi kujua mbele ni wapi. Kina mlango mbele kama Isetta, na kina mlango mwingine nyuma ule ule. Wanne wanaingia: wawili wanatazama mbele, wawili wanatazama walikotoka, migongo imegusana. Injini cc 250 iko katikati.

Nafasi ipo. Mtoto nyuma anawapungia madereva mkono. Ukuta wa gereji haukutishi, unashukia upande wa pili.

Bi Pancha

Huyu! Mzee, mbona ulikificha? Mmenuniana asubuhi, kila mtu anaingia kwa mlango wake, anaangalia upande wake, mnafika kazini hamjavunja adabu. Mama mkwe anakaa nyuma, akitoa maoni kuhusu udereva wako ni kuhusu barabara iliyokwisha pita.

Kobe wa Lami

Ngoja kwanza, mnanipita. Nimepata jibu la mtoto: Peel mbili. Yangu na yake. Zote zinaingia kwenye nafasi moja ya maegesho na inabaki ya kufungulia milango.

Bi Pancha

Mtoto ana miaka saba, Kobe.

Nahodha wa Nchi Kavu

Mpe C5.

Dada Spana

Nimesoma Janus nikaipenda, ila nina dukuduku la kifundi. Uzito unahama vibaya. Ukiwa peke yako mbele, sawa. Watu wawili wazito wakiketi nyuma, pua inakuwa nyepesi na usukani unaanza kukudanganya. Kwa hiyo hapo kwenye mama mkwe, Bi Pancha, inategemea.

Bi Pancha

Inategemea nini?

Dada Spana

Sitaandika hapa.

Fundi Klachi

Hahaha. Na injini ikiwa katikati, kelele yote iko kati ya viti vya mbele na vya nyuma. Mkitaka kusemezana sharti mzime gari.

Bi Pancha

Sasa hiyo mnaita kasoro au mnanipigia debe? Nakichukua. Vipuri vinapatikana?

Dada Spana

Vilitengenezwa kama 6,900, na mwaka 1958 wakaacha. Vipuri utavichonga. Mlango angalau ukivunjika wa mbele, wa nyuma upo wa kupimia.